Trekta kuukuu la kijiko cha mbele: kisa cha matrekta matatu

Mfugaji aliyeniita alikuwa na ng'ombe wa maziwa wapatao arobaini, shimo la silaji (majani yaliyovundikwa kuwa chakula cha ng'ombe) lililo chini ya mteremko, na vijana wawili waliokuwa wakipakia samadi kwa beleshi. Alitaka trekta kuukuu lenye kijiko cha mbele. Jipya hakuliweza, na kwa saa chache za kazi kwa siku hakulihitaji. Alikwisha kuona matatu, na kabla sijauliza lolote alinitajia kila moja kwa nguvu ya injini yake: la kwanza hosipawa 45, la pili 60 hivi, la tatu zaidi ya 80. Alichotaka kwangu ni kuambiwa tu ipi ya injini hizo ndiyo nzima zaidi.

Ndivyo wengi wetu tunavyonunua trekta. Tunasikiliza mlio, tunatazama moshi, tunafungua kifuniko cha oili, tunalipa. Kwa mtu anayekwenda kulima, njia hiyo haina ubaya sana, kwa sababu jembe hufungwa nyuma na trekta limeundwa tangu mwanzo kufanya kazi ya nyuma. Kijiko cha mbele kinageuza mambo. Uzito unahamia kwenye ekseli iliyowekwa hasa kwa ajili ya kuongoza. Usukani unazungushwa trekta likiwa karibu limesimama. Klachi inakanyagwa kila baada ya sekunde chache, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Haidroliki haipumziki. Katika yote hayo injini ndiyo inayotaabika kidogo kuliko vyote. Hosipawa 45 zenye afya zinatosha kabisa kuinua samadi kutwa nzima. Kwa hiyo nilimwambia mfugaji tuiweke injini mwisho wa orodha, na nikamwomba anieleze mzigo kabla hatujaenda kutazama trekta lolote.

Mzigo wake ulikuwa wa aina tatu. Samadi iliyochanganyika na matandiko, kila siku. Marobota ya duara ya majani makavu yenye kipenyo cha mita 1.2, ambayo kwa kawaida huwa na kilo 250 hadi 300 kila moja. Na mara chache mchanga na kokoto za kutengenezea njia. Kijiko alichokusudia kilikuwa na ujazo wa mita 0.4 za ujazo. Samadi ya namna yake huwa na kilo 700 hadi 900 kwa mita ya ujazo, hivyo kijiko kikijaa kinabeba kilo 300 na ushee. Mchanga uliolowa unakaribia tani 2 kwa mita ya ujazo. Kijiko kile kile kikijaa mchanga kina kilo 750 au zaidi. Hapa ndipo ekseli nyingi za mbele zinapovunjikia. Dereva hupima kwa macho, na kwa macho kijiko cha mchanga na kijiko cha samadi vimejaa sawasawa.

Tena uzito huo haukai kwenye ekseli kama ulivyo. Trekta lenye kijiko hufanya kazi kama mizani, na tairi za mbele ndizo egemeo lake. Chukua trekta ambalo ekseli zake zimeachana mita 2, na katikati ya kijiko kuko mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Kilo 300 za samadi zinaiongezea ekseli ya mbele kilo 525, na zinaipunguzia ya nyuma kilo 225. Kilo 750 za mchanga zinaiongezea ya mbele zaidi ya kilo 1,300 na kuinyanyulia ya nyuma zaidi ya kilo 560. Na hapo bado mikono ya kijiko yenyewe haijahesabiwa. Tairi za nyuma zikishapungukiwa uzito kiasi hicho, hazivuti vizuri, na lililo baya zaidi, hazishiki breki, kwa sababu matrekta mengi ya umri huu yana breki kwenye magurudumu ya nyuma tu.

Mfugaji alizitazama hesabu hizo kwenye karatasi kwa muda, kisha akasema, "Basi tukaangalie ekseli, fundi." Tukaenda.

Trekta la kwanza

Lilikuwa Massey Ferguson 135, modeli iliyotoka mwaka 1964 na kutengenezwa kwa miaka zaidi ya kumi, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Ni trekta ninaloliheshimu. Ni jepesi, halinywi mafuta, na vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi kuliko vya matrekta mengi ya rika lake. Hili lilikuwa limepakwa rangi mpya na kufanyiwa ovahoo, na liliwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo. Muuzaji aliniambia, "Injini hii imefunguliwa juzi, fundi, haijaanza hata kula oili." Nikamjibu kwamba injini sina neno nayo, nikamwomba jeki.

Tuliinua ekseli ya mbele kwa kuweka jeki katikati, magurudumu yote mawili yakaning'inia. Ukifika hapo usitazame gurudumu. Weka kidole kwenye kiungo cha kingpini, yaani pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia, nusu juu ya ekseli na nusu juu ya kipande kinachogeuka, kisha mwombe mtu alishike gurudumu juu na chini na kulitikisa. Kidole kinahisi bushi iliyolika kabla jicho halijaona lolote. Upande wa kushoto ulikuwa umelika kidogo, jambo la kawaida kwa umri wake. Upande wa kulia ulikuwa ukicheza kiasi cha kusikika. Pini ya katikati, ile ambayo ekseli nzima huchezea, nayo ilikuwa imelitanua tundu lake. Yote hayo yanatengenezeka, lakini yalionyesha kwamba ekseli hii ilikuwa imebebeshwa mizigo mizito kwa muda mrefu.

Kilichofuata ni kijiko. Mikono yake ilikuwa imetengenezwa gereji, na fremu yake ilifungwa kwa bolti sehemu mbili tu: mbele ya injini, na ubavuni mwa bodi la klachi. Matrekta ya aina hii hayana chasisi. Tangu Fordson Model F ya mwaka 1917, matrekta mengi yamejengwa kwa namna ambayo injini, bodi la klachi na giaboksi ndivyo uti wa mgongo wenyewe, vikiungwa kwa bolti. Fremu nzuri ya kijiko ina mihimili inayopita chini au ubavuni hadi kwenye ekseli ya nyuma, ili msukumo wa kijiko upite kwenye mihimili hiyo. Fremu inayoishia katikati humalizia nguvu yake yote kwenye chuma cha kusubu, ambacho hakipindi, hupasuka.

Rangi mpya huficha nyufa, kwa hiyo nilikwangua kidogo kuzunguka bolti za chini, nikapangusa kwa mafuta ya taa, nikakausha kwa kitambaa, kisha nikapaka vumbi la chaki. Ikiwa chuma ni kizima, chaki inabaki nyeupe. Ikiwa kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yanarudi juu na kuchora mstari mweusi. Tulisubiri. Mstari ulitokea kwenye bolti ya chini upande wa kulia, urefu wa kidole, mwembamba kama uzi. Muuzaji naye aliinama akauona, na nina hakika hakuwa akijua.

Hata pasipo ufa huo, 135 hii isingefaa kwa kazi hii. Pampu yake ya haidroliki iko ndani, nyuma ya giaboksi, na inazungushwa na shafti inayopokea mwendo kupitia klachi. Zile zenye klachi ya hatua mbili, ukikanyaga nusu trekta linasimama na pampu inaendelea. Ukikanyaga hadi chini ndipo vyote vinasimama. Hili lilikuwa la klachi ya hatua moja. Ukikanyaga, mikono inasimama papo hapo. Hebu fikiria unakaribia trela huku kijiko kikipanda: unakanyaga klachi usiligonge trela, na kijiko nacho kinakataa kupanda. Dereva hulazimika kutoa gia, kuachia klachi, kuinua, kukanyaga tena, kuingiza gia. Kwa siku nzima.

Halafu kuna kasi. Silinda mbili za kuinulia zenye kipenyo cha milimita 63 na mwendo wa sentimita 60 zinahitaji karibu lita 3.7 za mafuta kufika juu. Pampu ya trekta hili tulipoipima ilitoa kama lita 15 kwa dakika, maana yake sekunde 15 kufika juu. Pampu ya lita 40 inafanya hivyo kwa chini ya sekunde 6. Tofauti hiyo ikizidishwa kwa vijiko vyote vya siku, ndiyo inayoamua kama vijana watalipenda trekta au watarudia mabeleshi. Usukani wake pia ulikuwa wa mkono mtupu, bila pawa. Kuugeuza na kilo mia tano za ziada mbele ni kazi ya kuumiza mabega na kingpini vyote kwa pamoja.

Trekta la tatu, kabla ya la pili

Naliruka la pili kwa muda, kwa sababu mfugaji moyo wake ulikuwa kwenye hili: Ford 6610 ya miaka ya 1980, yenye magurudumu manne yanayovuta, kabini, na nguvu ya kutosha kwa kila kitu. Kwa karatasi, ndilo jibu. Ekseli ya mbele inayovuta ni nene kuliko ile ya kuongoza tu, tairi zake ni kubwa zaidi na hubeba zaidi, na uzito unaohamia mbele hauendi bure, kwa kuwa tairi za mbele nazo zinavuta. Mtu akiniuliza kwa jumla, bila kuona trekta, nitamwambia achukue la magurudumu manne.

Lakini trekta kuukuu halinunuliwi kwa jumla. Niliingia chini yake, na mahali ambapo propela ya mbele, shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele, inapaswa kupita palikuwa patupu. Tulielezwa kwamba iliondolewa ili kuokoa mafuta. Nikatazama tairi za mbele: zilikuwa nzuri, karibu mpya, ila za kipimo tofauti na kilichoandikwa kwa trekta hilo.

Hapo lazima nieleze, kwa sababu hili huwakuta wengi. Gia za mbele na za nyuma za trekta la namna hii zimefungamana kwa uwiano usiobadilika. Tairi za mbele hutakiwa kutangulia kidogo tu, kati ya asilimia 1 na 5 hivi, zaidi ya za nyuma. Ukifunga tairi kubwa au ndogo kuliko zilizopangwa, ekseli mbili zinaanza kushindana. Kwenye udongo laini tairi zitateleza na kusameheana. Kwenye sakafu ngumu hazina pa kutelezea, na mvutano wote unaingia kwenye gia, beringi na propela. Mtu huanza kusikia mngurumo, kisha mlio, na mwisho anaing'oa propela ili trekta liendelee na kazi.

Tulifungua bolti ya kumwagia oili ya difu ya mbele, yaani gia za ndani ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, na kukinga kidogo kwenye kopo. Ilitoka ya kijivu, na ilipopakwa juu ya karatasi ilimetameta kwa chembe za chuma. Vidole vilikuta hata vipande vya ukubwa wa punje ya mchele. Chembe laini ni uzee. Vipande ni meno ya gia.

Nilimwambia mfugaji nilivyoona, bila kumlainishia: hapa unauziwa trekta la magurudumu mawili kwa bei ya la manne, na gharama ya kulirudisha kwenye manne haijulikani mpaka difu ifunguliwe. Muuzaji angekubali ifunguliwe kwanza, na bei ishuke kulingana na kitakachoonekana ndani, ningesema tuendelee. Hakukubali. Alikuwa na haki yake, na sisi tulikuwa na yetu.

Trekta la pili

Likabaki Massey Ferguson 165. Ni kaka mkubwa wa 135, wa miaka ile ile, mwenye injini ya Perkins ya silinda nne. Kwa sura ndilo lilikuwa baya kuliko yote: madigadi yameliwa na kutu, kiti kimefungwa kwa kamba, na asubuhi lilitoa moshi mweupe kwa dakika kadhaa kabla ya kutulia. Mfugaji hakutaka hata kushuka garini. Nilimsihi ashuke, kwa sababu kutoka mbali nilikuwa nimeshaona mihimili ya kijiko ikipita chini ya giaboksi mpaka kwenye ekseli ya nyuma.

Usukani ulikuwa wa pawa. Kingpini zilikuwa zimepigwa grisi kiasi kwamba grisi kuukuu na mpya zilionekana kwa tabaka. Chaki haikuonyesha kitu. Pampu ya kijiko ilikuwa ya peke yake, imefungwa mbele na kuzungushwa moja kwa moja na krenki ya injini, hivyo klachi haikuihusu hata kidogo. Ukikanyaga klachi, mikono inaendelea kupanda.

Pampu ya namna hiyo ipimwe ikiwa moto, na hapa sikubali mkato. Mafuta baridi ni mazito na huziba uchakavu. Tulipakia kijiko mawe, tukainua na kushusha mara nyingi hadi tangi la haidroliki likawa halishikiki kwa kiganja, ndipo tukashika saa. Baridi ilipanda kwa sekunde 6. Moto, kwa 8. Uchakavu upo, lakini ni wa kustahimilika. Ingekuwa 6 baridi na 15 moto, ningehesabu pampu mpya ndani ya bei. Kisha tukainua kijiko usawa wa kifua, tukazima injini na kusubiri. Kilishuka upana wa vidole viwili kwa dakika kumi. Kama kingeshuka hadi chini, tungejua ama sili za silinda zimekwisha au valvu inavujisha ndani.

Wakati wa kutafuta uvujaji, kipitishwe kipande cha boksi karibu na mpira wa haidroliki, mkono, kamwe. Mafuta yenye msukumo mkubwa yanayotoka kwenye tundu la sindano hupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, na jeraha linaloonekana dogo linaweza kumgharimu mtu mkono. Likitokea, ni hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe wazi kilichoingia ni mafuta ya haidroliki.

Lilikuwa na kasoro zake mbili za kweli. Ya kwanza ni Multi-Power, gia ya kubadilisha kasi juu na chini bila kukanyaga klachi. Ni nzuri kwa kupakia, lakini ikiwa kwenye upande wa chini, injini haizuii mwendo: trekta linateremka huru. Na injini ikizimwa, gia haitoshi kulizuia lisiteremke. Kwa yadi yenye mteremko kuelekea shimo la silaji, hilo halina mzaha. Tulikubaliana na dereva kwamba kuteremka ni gia kuu ndogo na Multi-Power juu, pedali mbili za breki zikiwa zimefungwa pamoja kwa kile kibanio chake, kijiko chini karibu na ardhi. Na kuegesha ni breki ya mkono, kijiko kikilazwa chini, kila mara. Kasoro ya pili: halikuwa na fremu ya kumkinga dereva likipinduka. Trekta lenye kijiko kilichoinuliwa hupinduka kwa ubavu kwa wepesi wa kutisha. Niliweka sharti kwamba fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo, pamoja na mkanda, iingie kwenye bajeti ya ununuzi yenyewe. Nashukuru mfugaji hakubishana. Alinijibu, "Hao vijana ni wanangu."

Akalinunua hilo.

Kilichofanyika baada ya kununua

Tairi za mbele zilibadilishwa kwa zenye pilai (tabaka za nyuzi ndani ya tairi) nyingi zaidi, kwa sababu za zamani zilibonyea kijiko kilipojaa. Breki zilifunguliwa na kuwekewa bitana mpya za kusugulia. Nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini zilipimwa, na moshi wa asubuhi ukapungua sana. Hiyo ndiyo kazi pekee tuliyofanya kwenye injini.

Suala lililoleta mjadala ni uzito wa nyuma. Dereva alitaka tairi za nyuma zijazwe maji, na inafaa: tairi ya kipimo cha 14.9-28 ikijazwa robo tatu inabeba zaidi ya lita 200, hivyo mbili ni zaidi ya kilo 400. Lakini maji yaliyo ndani ya tairi za nyuma yanakandamiza tairi za nyuma peke yake. Hayaipunguzii ekseli ya mbele hata kilo moja. Kinachoipunguzia ni uzito ulio nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 500 zikining'inia mita 1 nyuma ya ekseli hiyo zinaiongezea ya nyuma kilo 750, na zinaiondolea ya mbele kilo 250. Tulimwaga zege ndani ya boksi la chuma lenye pini za mikono mitatu, likawa linafungwa pale jembe hufungwa. Wakati wa kubeba marobota boksi linatolewa na kuwekwa mkuki wa kubebea nyuma: robota moja nyuma linasawazisha lililo mbele, na safari zinapungua nusu.

Robota la mbele linabebwa kwa mkuki na chini, kamwe si kwa kijiko na juu. Likiwa juu ya kijiko linaweza kubingirika kurudi nyuma juu ya mikono hadi kwa dereva, na kilo 300 zikishuka kutoka kimo hicho haziachi nafasi ya kukwepa. Kwa mchanga, tulichomelea kipande cha pau ndani ya kijiko kwenye nusu ya kina chake. Mchanga ukifika kwenye pau, kijiko kimejaa.

Mfugaji akiamua siku moja kuacha majani makavu na kufunga silaji kwa plastiki, hesabu hii itabidi ifanywe upya. Robota bichi la kipenyo kile kile lina uzito mara mbili au zaidi, na kilo 600 mbele ya ekseli ya 165 ni nyingi mno kwa kazi ya kila siku, hata na zege nyuma. Hapo ndipo trekta la magurudumu manne lenye difu nzima, tairi za kipimo sahihi na propela yake mahali pake litakapostahili kutafutwa, na bei yake kulipwa.

Kwa sasa dereva anapiga grisi kingpini na pini ya katikati kila asubuhi kabla ya kuwasha, na anakaza bolti za mihimili mwisho wa kila juma. Chaki na mafuta ya taa vinakaa kwenye boksi la spana.